LIEMBA, STIMA YA ZIWA TANGANYIKA

Muhula uliopita, katika kipindi cha Historia, kijana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, chombo kilichoundwa mwaka 1913 chatufaa nini siku hizi? Kwa nini kisikatwe vipande kikauzwa chuma?" Wenzake wakacheka. Sikumjibu vizuri siku ile, maana kengele ilikuwa imekwisha kulia. Bwana Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi, basi namjibu sasa. Wazazi watakaosoma wataniwia radhi nikichanganya na habari zangu mwenyewe, kwa kuwa mimi nisingalikuwa mwalimu kama si chombo hicho.

Liemba iliundwa na kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Huenda msomaji akajiuliza ilifikaje Kigoma, maana Ziwa Tanganyika halina njia ya meli kutoka baharini. Lukuga ndio mto unaotoa maji yake, nao unakwenda kuungana na Kongo, wenye maporomoko makubwa. Basi Wajerumani waliiunda, kisha wakaifungua kipande kwa kipande na kuitia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalipakiwa Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakapandishwa gari moshi kwenda Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Mafundi watatu wa Papenburg walifuatana na mzigo wao. Pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika, ambao majina yao hayatajwi sana, walikaa ufukoni wakiunganisha mabati kwa ribiti, moja baada ya moja. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa Kijerumani aliyetawala toka 1901 hata 1906.

Kwa hiyo chombo kilichokusudiwa abiria na mizigo kilianza kazi kwa kubeba askari. Kilifungwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, kikawa kinakwenda na kurudi baina ya Kigoma na Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Walakini mwaka uliofuata mambo yaliwageukia Wajerumani. Walipoona kwamba Kigoma haitashikika, waliamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Sasa wale mafundi walifanya jambo ambalo mimi hulifikiri kila mara. Kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zote grisi nene, kila chuma na kila kiungo, kama mtu afungaye vyombo vyake vizuri akijua atarudi. Ikazamishwa tarehe 26 Julai 1916. Wao hawakurudi kuitumia, lakini grisi ilifanya kazi yake. Baadaye Wabelgiji waliizua, na mwaka 1920 ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwezi Machi 1924, wakakuta mashine bado zafaa. Wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jina hilo si la mtu. Ndilo jina la ziwa lenyewe alilolisikia Livingstone kwa watu wa upande wa kusini alipofika huko mwaka 1867.

Sasa nije kwangu.

Mwaka 1989 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule iliyokuwa Kigoma. Kwetu ni Kirando, mwambao wa kusini. Barabara ya kutupeleka Kigoma ilikuwa ya kuzunguka mbali mno, na wakati wa masika haikuwa barabara. Mama aliuza dagaa na mpunga tangu mavuno, akanunua sanduku la bati la rangi ya kijani, blanketi, mashati mawili na madaftari. Barua yangu ya kuitwa shuleni aliifunga kwa kitambaa, akaitia chini kabisa ya sanduku isipotee.

Stima ilikuja usiku. Wasomaji waliozoea kupanda Kigoma kwa ngazi, penye gati, hawajui kazi hii. Katika vituo vingi vya mwambao hapakuwa na gati. Stima husimama majini, nayo mitumbwi na maboti ya mbao hutoka pwani kwa fujo, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kufika ubavuni. Taa zake huwaka, winchi hupiga kelele ikishusha magunia kwa wavu, kuku hulia, na watu huitana kwa majina gizani. Wa kushuka wanashuka na wa kupanda wanapanda, kwa mlango ule ule mmoja. Huwezi kupanda wakati wowote upendao. Sharti ungoje wimbi liinue mtumbwi, ushike, uruke.

Mimi niliruka. Mjomba akaniambia, "Shika sanduku!" Nikashika mkono wa sanduku kwa mkono mmoja tu, maana wa pili ulikuwa umeng'ang'ania mlango. Wimbi likashuka, mtumbwi ukaondoka na sanduku likaniponyoka, likaanguka katikati, baina ya mtumbwi na chuma cha stima. Nilisikia sauti ya mama kutoka mtumbwini. Hakupiga kelele, alisema tu, "Barua." Baharia mmoja alikuwa na upondo wenye ndoano. Akalala kifudifudi mlangoni, akalinasa sanduku kwa mkono wake kabla halijajaa maji. Nilipotaka kumwagia mama maneno ya kuaga, mtumbwi ulikuwa umekwisha kusukumwa na mitumbwi mingine, nami sikumwona tena gizani.

Barua ilikuwa imelowa. Nilikaa juu ya sanduku nikilia, nikidhani mwalimu mkuu atanirudisha. Ndipo akaja mzee mmoja mwenye mvi, nguo zake zimejaa mafuta. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, karatasi haikauki kwa machozi. Njoo chini." Akanipeleka karibu na chumba cha mashine, akaitandaza barua juu ya bomba lililofunikwa, palipokuwa na joto la kiasi. Tukaa pale hata ikakauka, naye akanieleza kazi yake. Yale aliyonieleza ndiyo somo langu la kwanza la Fizikia, na sijapata kulisahau.

Alisema kwamba mashine niliyoisikia ni ya dizeli, iliyowekwa katika miaka ya 1970. Yeye alianza kazi wakati wa mvuke. Siku zile, stima ya kuondoka jioni iliamshwa mapema sana, maana maji ya boila hayachemki upesi. Tanuri hupasha maji yaliyofungwa ndani ya chuma kinene. Maji yakiwa mvuke hutaka nafasi kubwa mno kuliko yalivyokuwa, na kwa kuwa hayana pa kwenda, yanasukuma. Mvuke ukifunguliwa njia huingia katika silinda na kusukuma pistoni upande huu, kisha upande wa pili. Pistoni huzungusha mtaimbo, na mtaimbo huzungusha rafadha iliyo nyuma majini. Liemba inazo rafadha mbili. Mvuke uliokwisha kazi haumwagwi ovyo, hupozwa ukawa maji tena na kurudishwa kwenye boila.

"Nini kilichokuwa kibaya zaidi?" nikamwuliza. Alisema si joto, ingawa joto lilikuwa kubwa. Kibaya ni kusinzia. Palikuwa na bomba dogo la kioo lionyeshalo kimo cha maji ndani ya boila. Maji yakishuka mno, chuma hupata moto bila maji ya kukipoza, kikalegea, na boila yaweza kupasuka ikaua watu. Basi sharti pawe na mtu wa kutazama kioo kile mchana na usiku, hata kama abiria wote wamelala. Aliniambia pia kwamba stima za ziwani zina bahati kuliko za baharini, maana maji ya ziwa si ya chumvi kama ya bahari. Hata hivyo yaliacha ukoko ndani, nao ulikwanguliwa kwa mkono.

Nilifika shuleni na barua yenye madoa, wino umetambaa, lakini jina langu lilisomeka. Karani aliigeuza mara mbili, akaandika.

Kwa miaka sita nilisafiri na Liemba kila likizo. Njia yake ilikuwa Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikipita vituo kama Karema, Kipili na Kasanga. Ina urefu wa mita 71 hivi, na huchukua abiria wapatao 600, pamoja na dagaa, mahindi, mchele, mananasi, na vitu vya duka. Duka la kijijini kwetu lilijaa au lilikauka kwa kufuata stima. Wagonjwa walipandishwa kwa machela. Nimeona maiti akirudishwa kwao kuzikwa, na katika safari ile ile nimeona bibi arusi.

Wala si watu wa mwambao wetu tu walioitegemea. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliotoka Zaire, ikivuka baina ya Kigoma na Uvira kwa miezi kadha. Mwezi Mei 2015 Warundi kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa na milima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. Ikatumwa tena Liemba. Kagunga nako hakukuwa na gati. Watu wale walitoka pwani kwa mitumbwi, wakangoja wimbi liwainue, kama mimi nilivyongoja. Wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 100 majini.

Mwaka 2018 ilisimamisha safari zake ikingoja matengenezo makubwa. Dada yangu, aliyeolewa Karema, alinipigia simu mwaka uliofuata. Alisema wamesafiri kwa boti ya mbao iliyojazwa mno, na usiku upepo wa kusi ukawapata, wakatupa magunia majini ili wasizame. Aliniuliza kama mimi niliye karibu na bandari najua stima itarudi lini.

Yule kijana wa kidato cha pili nimekwisha mpa barua yangu ya 1989 aitazame. Bado ina alama ya lile bomba, mstari wa rangi ya chai uliopita katikati ya tarehe. Alinirudishia akaniuliza swali jingine, kama ni kweli kwamba grisi yaweza kulinda chuma majini kwa miaka minane. Tumekubaliana kuweka misumari miwili katika chupa ya maji ya ziwa, mmoja mtupu na mmoja wenye grisi. Chupa iko dirishani katika maabara, nayo isiguswe.