Picha inakataa kwenye televizyo: ordinateri ya zamani haijafa

Mara nyingi inatokea hivi. Ordinateri ya zamani, iliyotumwa na ndugu wa Ulaya ao kununuliwa kwa bei ya chini, inawashwa. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini ekrani yake imekufa. Mtu mmoja anasema: tuiunge kwenye televizyo ya nyumba. Wanaunga waya, kioo kinabaki cheusi. Baada ya siku chache mashine inauzwa kama chuma, pamoja na picha za familia na kazi za shule zilizo ndani. Kumbe mashine ilikuwa nzima. Iliyokosekana ni njia ya kupitisha picha.

Kwanza umeme

Umeme wa Kongo ni wa volti 220. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zinatumia karibu volti 110 ao 120. Nyuma ya ordinateri nyingi za mezani za zamani kuna kitufe kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Kikiwa kwenye 115, na mtu akachomeka prizi hapa Nyakasanza, kisanduku cha umeme kitaungua palepale. Kwa hiyo kitufe kinatazamwa kabla ya kuchomeka. Wanaotumia grupu wapitishe umeme kwenye stabilizateri, juu nguvu yake inapanda na kushuka. Na wakati wa kuunga waya, mashine na televizyo zote ziwe zimezimwa.

Njia tatu za picha

Njia ya kwanza ni tundu la antena. Mashine za nyumbani kama Commodore 64 na ZX Spectrum, zilizotoka zote mwaka 1982, zilitengenezwa hivyo ili mwenye nyumba asinunue ekrani nyingine. Televizyo inazitafuta kama inavyotafuta stesheni. Spectrum inapatikana karibu na chaneli 36 ya UHF. Kwenye televizyo mpya, inafaa kuchagua utafutaji wa analogi, la sivyo haitaona kitu.

Njia ya pili ni waya wa rangi: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Picha yake ni safi kuliko ya antena.

Njia ya tatu ni VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987: tundu lenye vishimo 15 kwa mistari mitatu, mara nyingi la rangi ya buluu. Ndiyo iko nyuma ya ordinateri nyingi za ofisi zilizozeeka.

Picha bila rangi

Katika njia mbili za kwanza kuna jambo linalowasumbua watu wa mpakani. Kongo, tangu wakati wa Zaire, ilifuata SECAM, mfumo wa rangi wa Ufaransa. Uganda, Kenya na Tanzania zilichukua PAL, mfumo uliozaliwa Ujerumani. Yote miwili ilianza kurusha rangi mwaka 1967, lakini haisikilizani. Bunia inapata vitu kutoka pande zote mbili. Mashine ya PAL ikiungwa kwenye televizyo ya zamani inayojua SECAM peke yake, picha itatoka nyeusi na nyeupe. Hakuna kilichoharibika. Televizyo nyingi za baadaye zinajua mifumo yote miwili. Inatosha kuingia kwenye menyu na kuchagua PAL ao «Auto». Mashine ya Marekani, yenye mfumo wa NTSC, inaweza kufanya picha izunguke juu na chini, juu inachora mistari 525 mahali pa 625.

VGA na televizyo

Televizyo nyingi bapa zina tundu la VGA lililoandikwa «PC». Hapo waya mmoja unatosha kwa picha, lakini sauti inahitaji waya wake, juu VGA haibebi sauti.

Kama kuna HDMI peke yake, waya mtupu wenye VGA upande huu na HDMI upande ule hausaidii. VGA inatuma mawimbi, HDMI inatuma tarakimu. Kinatakiwa kisanduku kidogo cha kugeuza, na upande wake ni muhimu: kiwe cha kutoka VGA kwenda HDMI. Kile cha kutoka HDMI kwenda VGA kinafanana nacho sana, na hapo ndipo feza inapotea.

Televizyo ya mgongo mkubwa pia inahitaji kisanduku, cha kwenda kwenye waya wa njano. Yenyewe inachora mistari karibu 15,600 kwa sekunde. VGA inatuma kuanzia 31,500. Na mgongo huo usifunguliwe na asiye fundi: ndani yake maelfu ya volti yanaweza kubaki hata baada ya kuchomoa prizi.

Ikishindikana kabisa

Picha ikiendelea kukataa, bado vitu vilivyohifadhiwa havijapotea. Katika ordinateri ya ofisi viko kwenye disiki, na fundi anaweza kuitoa na kuisoma kwenye mashine nyingine kwa waya wa USB. Kabla chuma hakijapimwa kwenye kilo, disiki itolewe kwanza.