Nyonga ya Bandia: Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kupasuliwa



Mtu akiambiwa na daktari kwamba nyonga yake imekwisha, na kwamba dawa ni kuiondoa na kutiwa nyingine ya bandia, wazo la kwanza linalomjia ni kisu. Sisi tunasema kisu ni kazi ya saa moja au mbili. Kazi kubwa iko kabla ya siku ile na katika miezi mitatu inayofuata, na sehemu yake moja haifanyiki hospitali, hufanyika ofisini kwa mwajiri. Ndiyo sababu tunaiandika habari hii katika gazeti la chama.

Kwanza kiungo chenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa kiuno. Katikati yake pana gegedu laini linaloteleza. Gegedu likilika, mfupa husaga mfupa, na mtu hawezi tena kuvaa kiatu wala kulala usiku. Wengine hufikia hapo kwa uzee, wengine kwa kuvunjika shingo ya paja. Wako na vijana, hasa wenye ugonjwa wa siko seli, ambao damu haifiki kwenye kichwa cha mfupa, nacho hufa na kubomoka. Kazi nzito nayo inamo. Wanaolima na kuinua mizigo kwa miaka mingi huharibika nyonga kuliko watu wengine, na Uingereza tangu mwaka 2005 imeutia ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa mtu aliyefanya kazi ya shamba miaka 10 au zaidi. Wenzetu wa miwa na chai hapa Uganda waliangalie sana jambo hilo.

Nyonga ya bandia tunayoijua leo ilianza mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, kwa daktari John Charnley. Kabla ya hapo alitumia plastiki iliyolika upesi, ikabidi watu wapasuliwe tena. Ndipo akapata plastiki ngumu zaidi, akaweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki hiyo, akavishikiza kwa saruji ya mifupa. Hesabu zilizotolewa mwaka 2019 zinaonyesha kwamba katika nyonga 10, karibu 6 hudumu miaka 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 30 amwulize daktari wake waziwazi: je, nitahitaji kupasuliwa mara ya pili, na nikingoja nitapoteza nini?

Sasa tuje kwa mwajiri. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye bado hajapona, mwajiri anayo ruhusa ya kuvunja mkataba. Tuhesabu pamoja. Karani anayeketi mezani huweza kurudi kazini baada ya wiki 6 hivi. Mpakiaji wa magunia, au anayesimama kutwa nzima kiwandani, huhitaji kama miezi 3, na pengine zaidi. Maana yake, karani anarudi kwenye kiti chake, na mpakiaji anakuta barua. Yule aliyeharibika kwa kazi nzito ndiye sheria inayemwacha njiani.

Lakini ruhusa si amri. Mwajiri anaweza kungoja, na mara nyingi hungoja akiwa amekubali kwa maandishi. Basi kabla ya kuandikiwa siku ya kupasuliwa, omba daktari akuandikie cheti chenye tarehe, muda wa kupumzika, na kazi gani utaweza kufanya baada ya wiki ngapi. Nenda nacho ofisini pamoja na katibu wa tawi, usiende peke yako. Ombeni kazi nyepesi ya kuketi tangu wiki ya 8, muiandike, mtie sahihi pande zote mbili. Ukiwa na likizo ya mwaka ambayo hujaila, nayo ni siku 21 kwa mwaka mzima, uiweke kwa ajili hiyo. Na matawi yanayokwenda kujadili mapatano ya pamoja yadai miezi 4 kwa upasuaji wa namna hii. Kama nyonga ilivunjika kazini, hilo ni jambo jingine kabisa: iko Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000, na gharama ya matibabu ni ya mwajiri. Toa taarifa ya ajali kwa maandishi mara moja, na usikubali iandikwe kuwa ni likizo ya ugonjwa tu.

Mwili nao utengenezwe. Sukari na presha zishuke, damu ipimwe, jino bovu ling'olewe na kidonda cha mguu kipone, kwa maana vijidudu vya hapo huweza kuingia katika chuma kipya. Sigara iachwe angalau wiki 4 mbele. Mikono izoezwe, kwani ndiyo itakayobeba mwili juu ya magongo.

Nyumbani tatizo kubwa ni choo. Kuchuchumaa hukunja nyonga kupita kiasi, na nyonga mpya huweza kuchomoka. Fundi seremala atengeneze kiti imara chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo la choo. Ni mbao chache tu, lakini kitengenezwe kabla ya kulazwa. Mkeka na kigoda viwekwe kando. Pawe na kitanda na kiti kirefu chenye mikono.

Ukishapasuliwa, utasimamishwa siku ileile au kesho yake. Usiogope: kulala tu huleta damu kuganda mguuni. Dawa ya kuzuia damu isigande unywe mpaka siku zake ziishe, hata ukijiona mzima. Kwa wiki 6 hadi 12 usikunje nyonga kupita pembe ya mraba, usipandishe mguu juu ya mwenzake, usigeuze kidole gumba kuelekea ndani. Madaktari hutofautiana kwa kadiri ya upande waliopasua, basi fuata maneno ya wako. Anayesali asujudu kwa ishara akiwa kitini. Kupanda ngazi tangulia na mguu mzima, kushuka tangulia na uliopasuliwa. Ukifikia kutumia fimbo moja, ishike mkono wa upande wa mguu mzima. Bodaboda iache kabisa kwa miezi hiyo.

Ukiona ndama ya mguu imevimba na kuuma, kidonda kinatoa maji au usaha, homa haishuki, au mguu umekuwa mfupi ghafula kwa maumivu makali, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana na pumzi ikikata, usingoje hata saa moja.

Kila uendapo kliniki chukua cheti kipya na nakala yake impitie katibu wa tawi, maana yeye ndiye atakayepita kuangalia kama aliyeahidiwa kazi ya kuketi hajarudishwa kwenye magunia.