Kikokotoo na miaka ya kuishi baada ya kustaafu

Mjadala wa kikokotoo cha pensheni nchini Tanzania umeelemea swali moja: mstaafu alipwe kiasi gani kwa mkupuo? Watumishi wana haki ya kuuliza. Hata hivyo, ndani ya kikokotoo hicho ipo tarakimu isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni 12.5. Hiyo ndiyo miaka ambayo mstaafu anakadiriwa kuishi baada ya kuacha kazi.

Tumchukue mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Miezi hiyo hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Pensheni yake kamili inakuwa takriban shilingi 7,448,000 kwa mwaka. Kwa utaratibu wa tangu Julai 2024, asilimia 40 ya kiasi hicho huzidishwa kwa 12.5, naye hupata mkupuo wa shilingi milioni 37.2. Asilimia 60 iliyobaki humpa karibu shilingi 372,000 kila mwezi, maisha yake yote.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yenye kigawanyo cha 540, mkupuo wa nusu na makadirio ya miaka 15.5, mwalimu huyohuyo angeondoka na milioni 62, kisha 333,000 kwa mwezi. Tofauti ya namna hiyo ndiyo iliyozua kilio mwaka 2018, mkupuo uliposhushwa hadi asilimia 25. Kanuni hiyo mpya ilisitishwa, ikarudi mwaka 2022 kwa asilimia 33, na sasa walio katika kundi la mwalimu huyu wako kwenye 40.

Mkupuo ni pensheni ya miaka ijayo iliyolipwa mapema. Mstaafu akivuka miaka 12.5, mfuko unaendelea kumlipa, na fedha zinatoka kwenye uwekezaji na kwa walio kazini: asilimia 20 ya mshahara, 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Wastaafu wakiongezeka na kuishi zaidi huku ajira mpya zikisuasua, hesabu inakaza.

Japani, ambako karibu watu 3 kati ya 10 wana miaka 65 au zaidi, ilikabili hali hiyo kwa mageuzi ya mwaka 2004. Michango ilipandishwa kidogo kidogo hadi asilimia 18.3 ya mshahara mwaka 2017, ikakomea hapo. Ongezeko la pensheni nalo hupunguzwa kadiri wachangiaji wanavyopungua na umri wa kuishi unavyorefuka.

Tanzania bado ni nchi ya vijana, na uzee wa watu si sababu pekee ya mifuko kuyumba. PSPF ilibeba mzigo wa watumishi walioajiriwa kabla ya 1999, ambao hawakuwa wamechangia. Deni hilo lilikuwa la Serikali, si la wastaafu.

Kwa hiyo tusiishie kupigania mkupuo. Fedha za mkupuo huisha. Pensheni ya mwezi ndiyo itakayomlisha mtu akiwa na miaka 80, nayo haina maana bei zikipanda yenyewe ikabaki palepale. Tudai ipandishwe kulingana na gharama za maisha, michango ya mwajiri ifike kwa wakati, na tathmini za uendelevu wa mfuko ziwekwe wazi. Nawe uliye kazini, hakiki michango yako leo, usingoje barua ya kustaafu.