Kutenga na Kuotesha Upya Protoplasti za Kuvu ya Mnyauko wa Migomba: Ufafanuzi wa Mbinu na Hesabu Yake

1.0 Usuli

Katika kata ya Nkunga, wilayani Rungwe, mgomba ni chakula na ni fedha. Kuvu Fusarium oxysporum f. sp. cubense huingilia mizizini, huziba mirija ya maji na kunyausha mgomba. Spora zake hudumu udongoni kwa miaka mingi, na mgomba ulioambukizwa hauna dawa. Aina yake iitwayo TR4, ishambuliayo hata ndizi za Cavendish, ilithibitishwa mwaka 2013 nchini Msumbiji, jirani ya Tanzania. Ili kubaini jeni inayosababisha ugonjwa, mtafiti huifuta na kutazama kama kuvu bado inaunyausha mgomba. Ukuta wa seli huzuia DNA kupenya. Kwa hiyo huondolewa kwanza, na seli isiyo na ukuta huitwa protoplasti.

2.0 Utaratibu

Spora huoteshwa katika mchuzi wa lishe kwa takribani saa 12 hadi 16, kwa kuwa ukuta wa hifa changa humeng'enywa kwa urahisi. Hifa huoshwa, kisha hutiwa vimeng'enya vinavyovunja kitini na glukani, ndani ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu au sorbitoli. Bila myeyusho huo, protoplasti hufyonza maji na kupasuka. Baada ya kuchujwa na kukusanywa kwa sentrifuji, huhesabiwa kwa hadubini na kutandazwa kwenye agari yenye sukrosi nyingi ili zijenge ukuta upya.

3.0 Kiwango cha uoteshaji

Si kila koloni limetokana na protoplasti. Vipande vya hifa na spora vilivyopenya kichujio huota pia. Kwa hiyo, sehemu ya sampuli huzimuliwa kwa maji yaliyotoneshwa, protoplasti zipasuke, nayo ikatandazwa kwa kipimo kilekile. Tuchukulie protoplasti 1,000 zimetoa makoloni 180, na sampuli ya maji makoloni 60: kiwango halisi ni asilimia 12, wala si 18.

4.0 Hitimisho

Protoplasti yaweza kuwa na viini kadhaa, na jeni ikafutwa katika kimoja tu. Koloni la mchanganyiko huo litaendelea kunyausha migomba, na mtafiti atahitimisha kimakosa kuwa jeni hiyo haihusiki. Ndiyo maana koloni hutakaswa kupitia spora moja kabla ya kujaribiwa kwenye mche. Tasnifu isiyoonesha hatua hiyo, pamoja na hesabu ya sampuli ya maji, haijathibitisha dai lake.