Kitabu cha Kwanza Kikikuvunja Moyo

« Nyota njema huonekana alfajiri », ndivyo walivyosema wahenga. Lakini, msomaji mpenzi, tusiwapimie waandishi wote kwa methali hiyo.

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 1983 Mwingereza Terry Pratchett alitoa kitabu kiitwacho « The Colour of Magic ». Wasomao Kifaransa hukiita « La Huitième Couleur ». Ndicho cha kwanza katika vitabu 41 vya Discworld, dunia ya kubuniwa iliyo bapa kama sahani. Inachukuliwa na tembo wanne, nao wamesimama juu ya kobe mkubwa aogeleaye angani.

Kijana aliyesikia sifa za vitabu hivyo hukifungua cha kwanza kwa hamu, kisha pengine hukifunga kwa huzuni. Je, ana kosa? Hana.

Kwanza, kitabu hicho ni visa vinne vilivyounganishwa tu. Rincewind, mchawi mwoga, na Twoflower, mtalii asiyejua hofu, hutupwa toka hatari hii hata hatari ile, wala hatupati nafasi ya kuyajua yaliyo mioyoni mwao. Pili, mwandishi anafanyia mzaha hadithi za waliomtangulia, kama Fritz Leiber na Anne McCaffrey. Asiyezisoma ni kama mgeni arusini: wenzake wote wanacheka, naye hajui wanacheka nini. Tatu, mwishoni Rincewind anaanguka toka ukingo wa dunia, na kitabu kinaishia hapo. Wasomaji wa kwanza walingoja hata 1986 kupata mwendelezo wake.

Hata hivyo mbegu njema imo. Twoflower anamweleza mwenye nyumba ya wageni jambo la bima. Mara yule bwana anaiteketeza nyumba yake mwenyewe ili alipwe, na moto unaenea mjini! Hapo hatuchekeshwi na vitabu vya wengine, bali na tamaa ya mwanadamu, ambayo sote twaijua.

Mbegu hiyo ndiyo iliyokua. Katika « Mort », cha mwaka 1987, Mauti anamchukua kijana mmoja awe mwanafunzi wa kazi yake. Katika « Guards! Guards! », cha 1989, askari wa zamu waliodharauliwa wanarudishiwa heshima yao. Pratchett, aliyefariki mwaka 2015, mwenyewe aliwashauri wasomaji wasianzie kitabu cha kwanza.

Basi wazazi na walimu, mtoto akisema kitabu kinachosifiwa hakikumpendeza, msimwite mjinga. Akiaibishwa hivyo, kesho atasifu asichokipenda, au ataacha kusoma kabisa. Mwulizeni: « Kimekuchosha wapi? » Akiweza kujibu, amekwisha kuwa msomaji wa kweli. Kisha mpeni kitabu kingine cha mwandishi yule yule. Nyumba yenye milango 41 haina lazima kuingiliwa kwa mlango wa kwanza.