Kombe la fedha: mizani haimalizi bei

Mwenye bangili, kikombe au sarafu ya zamani ya fedha huko Bukoba au Muleba, akibanwa na ada ya shule, huweza kuipeleka kwa mnunuzi, ikapimwa na kulipwa kwa uzito. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini inaweza kumpotezea muuzaji sehemu kubwa ya mali yake.

Mfano mzuri ni Woodlawn Vase, kombe la mbio za farasi za Preakness Stakes nchini Marekani. Lilitengenezwa na kampuni ya Tiffany mwaka 1860. Lina kimo cha sentimita 86 na uzito wa kilo 13.5 hivi, na juu yake imewekwa sanamu ya farasi maarufu Lexington.

Uzito huo ni sawa na wakia 434. Hata wakia moja ikiuzwa dola 100, madini yake hayazidi dola 43,400. Lakini mwaka 1983 kombe hilo lilithaminiwa dola milioni 1, na baadaye likatajwa kufikia milioni 4. Tofauti hiyo inatokana na jina la fundi, uadimu wake na historia yake inayojulikana.

Nusura yote hayo yapotee. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kombe lilifukiwa ardhini lisije likayeyushwa. Mwaka 1953, farasi Native Dancer aliposhinda, familia ya mwenye farasi haikutaka kubeba dhamana ya kulitunza. Tangu hapo mshindi hupewa nakala ndogo.

Kagera haina mbio za farasi, lakini ilipitiwa na fedha ya aina nyingine: rupia za Kijerumani. Rupia moja ina gramu 11.66, na asilimia 91.7 ni fedha halisi. Sarafu za rupia mbili, za mwaka 1893 na 1894, ni adimu, na wakusanyaji huzilipia zaidi ya bei ya madini.

Kuuza sarafu kama hiyo kwa gramu hakutofautiani na butura, ambapo mkulima huuza kahawa ingali mtini na faida ya msimu ikaenda kwa mwenye pesa taslimu.

Mwenye mali ya aina hii anashauriwa asiisugue ing'are, kwani kusugua hushusha bei. Aipige picha pande zote, aandike ilikotoka, na atafute bei kwa wanunuzi wasiopungua wawili. Akipata mteja wa nje, akumbuke kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale. Kibali kitangulie, malipo yafuate.