Kidole kimoja chini: tundu la kiyoyozi katika kuta za Mji Mkongwe

Tundu la kupitishia mabomba ya kiyoyozi halitobolewi moja kwa moja. Linalazwa. Upande wa chumbani huwa juu, upande wa nje huwa chini, na tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba mwenye nyumba, mashine ikishafungwa, hataiona tena. Anayejua kama mteremko upo ni fundi aliyeshika drili, basi. Jambo hilo limenikaa kichwani tangu nilipomkuta fundi mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, yuko juu ya ngazi, amepenyeza fimbo ya chuma tunduni na kuweka pima maji juu yake, anatazama, anachomoa, anakwangua kidogo, anapenyeza tena.

"Nyumba za matofali huko nje ya mji, ukuta wake inchi sita," alinieleza aliposhuka. Aliomba nisimtaje jina. "Vitabu vya mashine vinakwambia ushushe milimita tano, ukizidi kumi. Huku ukuta ni nusu mita, pahala pengine zaidi. Milimita tano kwa nusu mita si kitu, bwana. Mimi nashusha kidole kizima. Usiposhusha, maji yanamrudia mwenye chumba kitandani."

Maji ndiyo yanayoitawala kazi hii. Hewa ya pwani imejaa mvuke; ikipita kwenye mabomba ya baridi ndani ya mashine, mvuke unageuka matone na kudondokea kwenye kijaluba kilicho chini yake. Msimu wa kaskazi, mashine ya kawaida ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa, hata zaidi. Na mashine ya ukutani kwa kawaida haina pampu. Maji hayo yanategemea mteremko tu. Hata asili ya chombo hiki ni unyevu: mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi wa Marekani, alibuni mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukitanua karatasi na kuharibu rangi. Ubaridi wa binadamu ulikuja baadaye.

"Watu wanadhani mimi nafunga baridi," fundi alisema. "Baridi imeshafanywa kiwandani. Mimi nafunga njia ya maji."

Kabla ya tundu kuna bamba, kile chuma chembamba kinachobeba mashine. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kumtazama, kwa sababu ukuta wa Mji Mkongwe si ukuta wa kupiga skrubu popote. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yakashikanishwa kwa chokaa na udongo. Fundi anaugonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, sikio likiwa karibu. Pakilia pakavu pana jiwe. Pakilia pazito pana chokaa, na chokaa haishiki skrubu, inamwagika kama unga. Alitia alama kwa kalamu ya mkaa kila alipolipata jiwe, halafu akalisogeza bamba mpaka matundu yake yakaangukia kwenye alama nyingi iwezekanavyo. Ndipo akalipima, likae sawasawa kabisa. Wapo mafundi wanaoliinamisha makusudi upande wa bomba la maji. Yeye hataki. Kijaluba kina mteremko wake tangu kiwandani, anasema, na ukiinamisha zaidi unaharibu hesabu ya aliyekitengeneza.

Baada ya hapo mkono ulikwenda haraka. Mabomba mawili ya shaba, waya na mpira wa maji vilifungwa pamoja, mpira ukiwa chini ya vyote, kisha utepe ukazungushwa kuanzia chini kupanda juu ili mvua isipate pa kuingilia. Mdomo wa shaba ulichanuliwa, ukapakwa mafuta, nati ikakazwa. Hewa ya ndani ya mabomba ilinyonywa kwa pampu kabla ya gesi kufunguliwa, maana ikibaki, unyevu wake huchanganyika na mafuta ya kompresa ukazaa asidi. Wengine huiruka hatua hii. Wanaachia gesi kidogo isukume hewa, wanakaza, wanapokea pesa. Mashine inawaka vilevile, na ubaya wake unaonekana fundi akiwa ameshasahaulika.

Mwisho alimimina maji ya chupa kwenye kijaluba, akamtuma msaidizi wake uchochoroni. "Yanatoka!" kijana akapiga kelele. Yalikuwa yakidondoka ukutani, juu ya dirisha la ghorofa ya chini.

Nilimuuliza yatakwenda wapi.

"Nje," alijibu. Akanyamaza, akakusanya vyombo vyake, kisha akaendelea bila kuulizwa. "Mteja ananunua mashine, inakuja na mpira mfupi. Nikimwambia tununue bomba la plastiki lishuke mpaka chini, na vibanio vyake, anasema: wewe toboa tu, maji yatajua pa kwenda. Natoboa. Nisipotoboa mimi atatoboa mwengine, na huyo mwengine hatashusha kidole."

Kuta hizi zimezoea kupumua. Chokaa hunywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Maji yanayodondoka pahala pamoja kila siku hayaipi nafasi ya kukauka. Lipu inavimba, inabanduka, udongo wa kati ya mawe unaanza kulegea. Ukipita kwenye vichochoro huona michirizi ya kijani chini ya mipira ya viyoyozi, katika mji ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Wala sina ubavu wa kumwambia anayelala chumba cha juu mwezi wa Februari avumilie joto.

Nyumba nyingi hapa zimegawanyika: juu mpangaji, chini duka, nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi waliotawanyika hadi Muscat. Mteja wa fundi ni mmoja tu kati ya hao. "Sasa niambie wewe unayeandika," alisema akiwa ameshabeba ngazi begani. "Kabla ya kutoboa nimuulize nani, mwenye chumba au mwenye ukuta?"